Ufa kwenye Baiskeli ya Aabo

Niliuona ufa ule Alhamisi moja alasiri, nimechuchumaa uani kwa wazazi wangu nikiziba pancha. Miti ya mathenge imetapakaa kila pembe ya Garissa, na mwiba wake hutoboa hata tairi nene la baiskeli ya kazi. Kwa hiyo kila nilipokwenda kuwajulia hali Aabo na Hooyo, yaani baba na mama yangu, nilikuta pancha ikinisubiri. Siku hiyo niliipindua baiskeli magurudumu juu, nikachukua kitambaa nifute vumbi. Kitambaa kikanaswa.

Kilinaswa kwenye bomba lile kubwa la fremu linaloshuka kutoka shingo ya usukani hadi kwenye pedali. Nikapitisha kidole mahali hapo, kama shibiri moja chini ya shingo. Palikuwa na ukingo mwembamba, mkali kama wa bati lililokatwa. Rangi nyeusi ilikuwa imepasuka, na kutu ilikuwa imechora mstari wa hudhurungi uliozunguka karibu nusu ya bomba.

Mimi nafundisha uchomeleaji wa vyuma katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Sikuhitaji mtu wa kuniambia ninachokiona. Bomba lile likikatika mtu akiwa mwendoni, gurudumu la mbele hukunjika kuelekea miguuni pake, naye huenda na uso moja kwa moja hadi kwenye lami. Na aliyekuwa akiipanda baiskeli hiyo kila siku, barabara moja na malori ya mifugo, alikuwa mzee aliyepita miaka sabini.

"Aabo," nikamwita. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akisikiliza redio. "Hii baiskeli hutaipanda tena."

"Pancha imekushinda?"

"Si pancha. Fremu imepasuka."

Alikuja polepole, akainama, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akaivaa tena.

"Hiyo ni rangi tu," akasema.

"Weka kidole."

Akaweka kidole. Akakipitisha pale mara mbili, kwenda na kurudi, na hakukiondoa.

Ili mtu aelewe kwa nini hakukiondoa, lazima nieleze baba yangu ni nani. Alikuwa msoma mita za maji. Kwa zaidi ya miaka thelathini alizunguka mji huu mtaa kwa mtaa, daftari ndani ya mfuko wa turubai, fimbo ya chuma mkononi ya kuinulia vifuniko vya mita, na chini yake baiskeli hii nyeusi yenye breki za vyuma na kengele kubwa. Watu wa rika langu waliokulia Garissa wanaikumbuka kengele ile. Wengine wanaikumbuka kwa hofu, kwa sababu baada ya kengele huja bili. Alipostaafu, wenzake walipata magoti mabovu na mazoea ya kulala mchana. Yeye alibaki na baiskeli. Asubuhi huenda nayo soko la mifugo, ambako hana ng'ombe wa kuuza wala nia ya kununua, lakini ana maoni juu ya kila mnyama anayepita. Adhuhuri huenda nayo msikitini. Jioni hukaa kwenye kibanda cha chai, baiskeli ikiwa imeegemea ukuta mahali anapoiona.

Mimi mwenyewe niliondoka hapa na baiskeli hiyo. Nilipomaliza kidato cha nne na kusema nataka kusomea kazi ya chuma, ndugu zake baba walikuja nyumbani wamejipanga. Adeer mmoja, mkubwa wa wote, aliuliza kama nyumba hii imekosa wavulana hata msichana akashike moto. Aabo aliwasikiliza mpaka birika la chai likaisha. Kesho yake alilifunga sanduku langu kwenye keria, akaisukuma baiskeli mpaka stendi ya mabasi ya Nairobi, nami nikitembea kando yake, na njia nzima akawa anawasalimia watu kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, ili kila mtu aone tunakokwenda.

Sasa mtu huyo alikuwa amesimama uani, kidole juu ya ufa.

Hooyo alitoka jikoni na mwiko mkononi. Yeye hana maneno ya kuzungushazungusha. "Alhamdulillahi imeonekana kabla hajavunjika shingo. Ipelekeni kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Tuk-tuk zimejaa barabarani, atapanda kama watu wengine."

Tulimpigia simu kaka yangu aliyeko Nairobi. Naye hakufikiria sana: atatuma baiskeli mpya, nyepesi, yenye gia. Aabo akaniambia nimwambie ahsante, ampe mwanawe hiyo yenye gia. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye fundi humu ndani. Inaungika au haiungiki?"

Nilimtazama. Nikaona uso wake kwenye lami, na lori nyuma yake.

"Haiungiki," nikasema.

Aliinamisha kichwa mara moja, kama alivyozoea kufanya alipokwisha kuandika namba ya mita. Akaenda kutawadha.

Nilirudi kwangu nikijiambia nimefanya lililo sawa. Nilijiambia hivyo usiku ule na siku zilizofuata, na mtu anayejiambia jambo mara nyingi hivyo ana sababu. Mimi ndiye ninayewafundisha watu wazima na vijana kwamba chuma hakihukumiwi kwa macho. Unasafisha, unapima, unatafuta mwanzo wa ufa na mwisho wake, ndipo unasema. Baiskeli ya baba yangu niliihukumu kwa dakika mbili, nimechuchumaa, mikono ina gundi ya pancha.

Zikapita wiki tatu hivi. Jumapili moja nikaenda kuwaona, nikamkuta Aabo amefunga kitambaa kwenye kiganja cha mkono wa kulia.

"Umefanya nini?"

"Mathenge," akasema, bila kunitazama.

Hooyo alikuwa akipanga mikebe, naye hakunitazama. Mathenge huchoma, hayachubui kiganja kizima. Nilichukua maganda ya tikiti niwapelekee mbuzi, nikazunguka nyuma ya zizi, na hapo nikaona gurudumu la baiskeli likichungulia chini ya turubai.

Nikaivuta. Pale palipokuwa na ufa sasa palikuwa na donge la chuma, vinundu juu ya vinundu, weusi wa moto umelamba bomba juu na chini. Mtu alikuwa ameichomelea kwa umeme. Na kando tu ya donge lile, upana wa ukucha, bomba lilikuwa limekatika upya. Lilibaki limeshikwa na kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba.

Nilikaa chini kwenye mchanga pamoja na mbuzi. Aabo alikuja akasimama kivulini mwa zizi.

"Nilimpelekea rafiki yangu," akasema. Nilimjua rafiki huyo: mchomeleaji wa karibu na soko, mwenye kutengeneza mageti na mikokoteni ya punda, mtu mwema anayecheka kwa mwili mzima. "Ilikaa siku kumi. Jana mbuzi walivuka pale kwenye kona ya soko, nikashika breki. Nikaona ardhi imekuja."

"Na kama lori lingekuwa nyuma?"

"Halikuwepo."

"Kwa nini hukuniambia, Aabo? Nilikwambia haiungiki!"

"Wewe ulisema haiungiki, yeye akasema inaungika. Nikamwendea aliyesema ninachotaka kusikia." Akafungua kitambaa kidogo, akakitazama kiganja chake, akakifunga tena. "Nilikosea. Lakini na wewe ulisema haiungiki bila kuipima. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Hukuchukua hata uzi. Mimi nimesoma mita maisha yangu yote, binti yangu. Najua mtu aliyesoma namba na mtu aliyeibuni."

Aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Jua lilikuwa likielekea kuzama, Hooyo akatuita chai, tukaenda tukanywa tukiongea habari za mvua iliyonyesha huko Modogashe.

Kesho yake niliipakia baiskeli kwenye tuk-tuk, nusu ndani nusu nje, nikaipeleka chuoni.

Katika karakana yetu nafanya kazi na mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa Meru aliyehamishiwa Garissa miaka mingi iliyopita na ambaye sasa hulalamikia baridi akienda kwao likizo. Aliikagua ile kazi ya moto, akapiga mluzi.

"Madam, hii ilipigwa na fimbo ya geti, ile nene ya kuchomelea vyuma vizito," akasema.

"Ni ya baba yangu."

"Najua. Mji mzima unajua baiskeli hii." Akavuta kiti. "Ingekuwa ya mtu usiyemjua, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia aiache hapa niipime."

"Basi."

Tulianza kwa kwenda kumwona yule mchomeleaji, kwa sababu nilitaka kujua alitumia nini. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Lakini mtu yule aliponiona alishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kuomba radhi kabla sijafungua mdomo. Kwa heshima ya mwenzangu alisema Kiswahili, Kiswahili chetu cha hapa.

"Walahi, mwalimu, mimi nilibiga na ile fimbo ya geti. Mzee alisema haraka. Mimi najua chuma nzito, hii bomba ni nyembamba kama karatasi. Nilifikiri nikiweka mingi itashika."

Kosa lilikuwa hilo hasa. Bomba la baiskeli ni jembamba, na moto mkali wa umeme huliunguza likawa gumu na lenye kukatika pembeni mwa kiungo. Nilimshukuru. Kugombana kukawa hakuna mahali pa kuanzia. Mimi mwenye ujuzi nilikataa kazi, yeye asiye nao akaifanya kwa urafiki.

Karakanani niliifungua baiskeli yote. Magurudumu, pedali, cheni, usukani, kila kitu, mpaka nikabaki na fremu tupu juu ya meza. Nikaikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikafanya jambo ninalowafundisha wanafunzi katika muhula wa kwanza. Nilipaka mafuta ya taa kila kiungo na kila bomba, nikasubiri, nikayafuta mpaka pakauka, nikapaka unga wa chaki. Palipo na ufa, hata usioonekana kwa macho, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuilowesha chaki, mstari ukajichora wenyewe.

Nilikuwa nimeamua kabla ya kuanza. Mstari ukitokea mahali pengine popote, kwenye shingo au chini ya kiti au kwenye pedali, basi fremu imechoka yote na nitamwambia Aabo haiungiki, safari hii nikiwa na ushahidi. Nikasubiri. Mwenzangu alikwenda kunywa chai akarudi.

Ufa wa zamani ulijitokeza, bila shaka. Kisha, karibu na kiti, nikaona mstari mwingine, mfupi kama punje ya mchele. Nilichukua tupa laini nikapakwangua pale taratibu, mara tatu, nikapaka mafuta na chaki upya. Haukurudi. Ulikuwa mkwaruzo tu. Nilirudia fremu nzima mara ya pili, kisha nikavuta uzi kutoka shingo hadi mahali pa ekseli ya nyuma kuona kama imepinda. Ilikuwa imenyooka.

Lililobaki ni kujua kwa nini imepasuka pale na si kwingine. Nilipoukata ule uchafu wa chuma kwa msumeno na kuuangalia kwa karibu, nikaona. Ukingo wa ufa wa kwanza ulianzia kwenye tundu dogo, la mviringo, lililotobolewa kwa mkono. Nilimpigia Aabo simu.

"Nani alitoboa tundu kwenye bomba hili?"

"Mimi. Nilihitaji mahali pa kutundikia mfuko wa daftari."

"Lini?"

"Wewe hukuwa umezaliwa."

Nilicheka mpaka mwenzangu akauliza kuna nini. Nilicheka kwa furaha, kwa kuwa tundu lile lilikuwa limenipa jibu. Fremu ilikuwa nzima. Ilikuwa imebeba mzigo wake wote miaka yote hiyo, ikashindwa mahali pamoja tu palipojeruhiwa. Mahali pamoja panaondoleka.

Nikaamua nitaiunga, tena nitaiunga kwa shaba. Shaba huyeyuka kabla chuma hakijaungua, ikaingia kwenye nafasi nyembamba na kushika pande zote mbili. Ningekata kipande chote kilichoharibika, niweke bomba lingine la unene ule ule kutoka kwenye fremu moja mbovu iliyokuwa stoo, na ndani ya kila kiungo nipitishe mshipi wa chuma, yaani kibomba kidogo kinachokaa sawasawa. Fimbo za shaba hazikupatikana Garissa. Zilinijia na basi kutoka Nairobi, zimefungwa kwenye gazeti.

Sikuigusa baiskeli kwanza. Nilitengeneza viungo vya majaribio kutoka kwenye mabomba mabovu, nikavivunja. Cha kwanza kiliachana kirahisi. Nilikuwa nimepasha moto upande mmoja zaidi ya mwingine. Cha pili kilishika upande wa juu, chini kikaacha pengo. Cha tatu nilikikaza kwenye jiriwa, nikachomeka bomba refu la kuongezea nguvu, mimi na mwalimu mwenzangu tukaning'inia. Bomba likapinda, likakunjika kabisa, na kiungo kikabaki pale pale kama hakikusikia lolote.

"Hiki ndicho," akasema mwenzangu, huku akifuta jasho.

Nilifanya kazi yenyewe Jumamosi, chuo kikiwa kimya. Ilinibidi nifunge milango ya karakana ili upepo usisumbue moto, na joto la Garissa likawa linaongezwa joto. Nilivaa ovaroli na hijabu yangu ya kazi, ya pamba, niliyoichomeka vizuri ndani ya kola, kwa sababu kitambaa cha nailoni cheche moja tu hukiyeyusha. Nikasema bismillahi, nikawasha gesi.

Mtu asiyefanya kazi hii hajui utulivu unaokuja pale. Nilizungusha moto, nikazungusha, mpaka chuma kikaanza kuwa chekundu sawasawa pande zote, na poda niliyokuwa nimepaka ya kusafishia kiungo ikageuka maji na kung'aa. Nikagusisha ncha ya fimbo. Shaba ilitetemeka, ikalainika, kisha ikakimbia kuzunguka bomba lote na kuzama ndani ya kiungo kama samli juu ya anjera ya moto. Ilijua pa kwenda kwa sababu nilikuwa nimeiandalia njia. Nilifanya kiungo cha juu, nikapumzika, nikafanya cha chini. Nilipozima gesi niligundua nimekuwa nikiuma mdomo, na kwamba nina tabasamu.

Nilikiacha chuma kipoe chenyewe. Hakuna maji, hakuna kupuliza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikikiangalia kikigeuka kutoka wekundu hadi weusi, na nilipokisugua, pete mbili za manjano zikatokea kwenye chuma, nyembamba, zimekamilika, bila tundu wala nundu. Nimefundisha kazi hii miaka kadhaa. Nimepewa vyeti kwa kazi hii. Sijawahi kuwa na uhakika kuwa mimi ni fundi kama nilivyokuwa nao nikiwa juu ya ile ndoo.

Lakini sikumpa Aabo baiskeli yake. Nilimwambia nitaipanda kwanza mimi, wiki mbili, kwa mzigo.

Hooyo alishika shavu. "Wewe? Barabarani?"

"Kama itavunjika, ivunjike na aliyeiunga."

Ile ni baiskeli ya kiume, bomba la juu limefika kiunoni. Nilivaa suruali pana chini ya vazi langu refu, nikalikunja na kulifunga pembeni kwa pini, nikaning'iniza mifuko miwili ya mchanga kwenye keria, kila mmoja uzito wa mtoto wa shule. Asubuhi ya kwanza nilipotoka getini, madereva wa tuk-tuk walisimama. Mmoja alinifuata taratibu mpaka karibu na chuo, akiwa na abiria ndani, ili tu aone mwisho wake. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga mswaki nje ya duka aliacha mswaki mdomoni. Nilisikia mwanamke akimuuliza mwenzake kwa Kisomali kama yule si binti wa msoma mita, na mwenzake akajibu kuwa kengele ni ile ile.

Nilipiga kengele tena kwa ajili yao.

Nilipitisha baiskeli ile mahali pabaya kwa makusudi. Mashimo ya barabara ya soko, matuta yasiyo na alama, mchanga mzito wa vichochoro. Nilivuka daraja la Tana nikarudi, upepo wa mto ukinipuliza, korongo wamesimama juu ya nguzo wakinitazama kama wazee wa kamati. Kila jioni niliishusha mifuko, nikapangusa zile pete mbili, nikaziangalia kwa kioo cha kukuzia, nikapaka mafuta na chaki. Hakuna mstari uliotokea. Siku ya kumi na nne nilipita kwenye kona ile aliyoangukia Aabo, nikashika breki kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma liliinuka kidogo. Fremu haikusema kitu.

Aabo alikuwa ananisubiri kwenye kibaraza, amevaa kofia yake nzuri na shati lililopigwa pasi, kana kwamba anakuja kupokea mgeni. Alizunguka baiskeli mara mbili. Hakugusa chochote mpaka alipofika kwenye bomba lile, akachuchumaa kwa shida na kuweka kidole kwenye pete ya juu, akaizungusha yote.

"Umepima?"

"Nimepima mara mbili kabla, na kila siku baada."

"Inaungika?"

"Imeungika, Aabo. Lakini nina sharti. Kila Ijumaa kabla ya swala naikagua. Nikikuta mstari, tunaachana nayo siku hiyo hiyo, na husemi neno."

"Sisemi neno."

"Wala huendi kwa rafiki yako."

Hapo alicheka. "Wala siendi kwa rafiki yangu."

Nilikuwa nimekuja na kopo la rangi nyeusi, nilipake bomba lote lirudi kama zamani. Alipoliona alinishika mkono. Hataki. Anataka zile pete zionekane. Nilimweleza kwamba chuma kikiachwa wazi kitapata kutu. Akasema mimi ni mwalimu, nitafute njia. Ikabidi nipake rangi nyeusi kwingine kote, na pale kwenye viungo nikapaka vanishi inayoonyesha kilicho chini. Kisha akapanda. Alianza kwa kuyumba kidogo, kama kawaida yake, akanyooka, akapita geti. Hooyo alikuwa mlangoni, mdomo ukitaja majina ya Mwenyezi Mungu mpaka Aabo alipopotea kwenye kona. Kisha akaniambia, "Mbona umekonda? Ingia ule."

Sasa ni mwaka na zaidi. Ijumaa zote nimekagua, na kiungo kimetulia. Yule mchomeleaji alikuja karakanani Jumamosi mbili mfululizo, nikamfundisha kulehemu kwa shaba. Ana mkono mzuri akipunguza haraka, na fremu za baiskeli sasa anazifanya mwenyewe bila kunihitaji.

Mwezi uliopita nilipita kwenye kibanda cha chai jioni, nikitoka kazini. Aabo alikuwa amekaa na watu wanne au watano, wageni wawili miongoni mwao, wachuuzi wa mbuzi kutoka Eldas. Mmoja alikuwa ameinama mbele ya baiskeli, akiuliza pete hizi za dhahabu ni za nini. Adeer yule mkubwa, ndugu yake baba aliyepinga nishike moto, alikuwepo pia, akikoroga chai. Nilisimama nyuma ya kibanda wasinione.

Aabo alieleza kila kitu. Mafuta ya taa na chaki, mshipi wa ndani, moto unaozungushwa. Alikosea mpangilio, shaba akaiita jina lisilo lake, na wiki zangu mbili za majaribio akazifanya miezi mitatu. Akasema binti yake ndiye fundi pekee kati ya hapa na Wajir anayeweza kazi hiyo, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

"Nani alimfundisha?" mgeni akauliza.

Baba yangu, ambaye hajawahi kushika tupa maishani mwake, alikunywa chai kwanza.

"Mimi," akasema.

Adeer aliacha kukoroga, akamtazama, akafungua kinywa, akakifunga. Nami nikaondoka kimyakimya kabla hawajaniona, nikinyoosha hijabu yangu, nikitembea katikati ya barabara kama mtu mwenye mji.